Makosa ya Baiskeli Yanayovaa Sura ya Tahadhari

Anayetoka Kayole kwa baiskeli saa kumi na moja na nusu alfajiri kuelekea Industrial Area, Nairobi, si mzembe. Ameshusha kiti ili miguu ifike chini upesi akisimama. Breki ya mbele haigusi, maana aliambiwa itamrusha. Anashika upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayokuja. Tairi amelijaza upepo hadi likawa gumu kama jiwe, na cheni ameimwagia oili bila choyo. Kila jambo hapo alifundishwa na mtu aliyemtakia mema, na kila moja ama linamhatarisha ama linamlia pesa. Makosa ya aina hii ndiyo magumu zaidi kuyaacha kwa sababu yanafanana na busara. Tuanze na lile linaloua.

Kwenda kinyume na magari

Magari ya Kenya hupita kushoto, na baiskeli ikiwa barabarani hupita kushoto vilevile. Anayekwenda kinyume husema kwamba gari ataliona na kulikwepa. Hebu tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa nawe unakwenda 20. Mkielekea upande mmoja, linakukaribia kwa kasi ya 30, yaani mita 8 hivi kila sekunde. Mkielekeana, linakukaribia kwa kasi ya 70, ambayo ni mita 19 kila sekunde. Muda wa dereva kukuona, kuamua na kukanyaga breki umepungua zaidi ya nusu, nawe huna pa kukwepea isipokuwa mtaroni.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye matoleo, yaani pale magari yanapotokea ili kuingia barabarani. Dereva anayetoka barabara ndogo, kituo cha petroli au lango la mtaa ili aingie barabara kuu kwa kukata kushoto hutazama kulia, kwa kuwa magari ya leni anayoiingia yanatokea huko. Wewe unatokea kushoto kwake. Ataondoa gari shingo ikiwa bado imegeukia upande ule mwingine. Hakukudharau, ni kwamba hakuwa na sababu ya kukutazamia hapo.

Wengi hushika upande huo kwa sababu pa kuvukia ni mbali, hasa kwenye barabara zenye ukuta au ua katikati kama ile ya Thika. Kama ni mita 200 tu za kinyume, shuka usukume baiskeli pembeni kama mpita njia. Dakika mbili zitapotea, basi. Kwenye njia za baiskeli zilizotengwa, kama zile za Outering na za Ngong Road, watu hupita pande zote mbili na si tatizo, ila kila zinapokatwa na toleo la magari punguza mwendo hadi uweze kusimama, kisha mtazame dereva machoni kabla ya kupita mbele yake. Njia hizo pia zina vibanda, bodaboda zinazokatiza na vizuizi vya chuma vya kuzuia magari, ambavyo usiku havionekani mpaka umevifikia.

Kubana ukingo

Kosa la pili linatokana na heshima iliyozidi: mtu anapita kwenye ukingo kabisa wa lami ili asimsumbue mtu. Ukingo ndio sehemu mbovu kuliko zote. Vioo vya chupa husukumwa huko na magurudumu ya magari, lami imemegeka, na mashimo ya maji ya mvua mara nyingi hayana mifuniko kwa kuwa imeibwa. Ukikuta shimo unalazimika kuchepuka ghafla kuingia barabarani, na kuchepuka huko ndiko dereva aliye nyuma yako hawezi kukutazamia. Isitoshe, ukibana ukingo unamwambia dereva kwamba anaenea kukupita ndani ya leni hiyohiyo, hata kama haenei.

Acha kama mita moja kati yako na ukingo, uende mstari mnyoofu. Leni ikiwa nyembamba hivi kwamba gari haliwezi kukupita bila kuivuka, shika katikati yake mpaka ipanuke, kisha rudi kushoto uwape njia. Hili ni la barabara za mjini zenye mwendo wa kadiri. Kwenye barabara za kasi kama Mombasa Road, tumia barabara ya kando au njia ya pembeni, na usijaribu kupanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia: tangu ilipofunguliwa 2022 haijaruhusu baiskeli.

Gurudumu la mbele likidondoka nje ya lami, usijaribu kulirudisha huku unaendelea kwenda. Tairi litasugua ule ukuta mdogo wa lami, usukani utakataa kugeuka, nawe utaangukia upande wa magari. Punguza mwendo ukiwa huko huko kwenye udongo, simama, inua baiskeli uirudishe.

Vilevile jifunze kutazama nyuma bila kuyumba. Ni ujuzi unaohitaji nusu saa tu kwenye barabara tulivu ya mtaani Jumapili asubuhi. Mkono wa kushoto ubaki kwenye usukani, wa kulia uteremshe pajani, kisha peleka kidevu begani. Ukiacha mikono yote miwili kwenye usukani, ukigeuza kichwa mabega yatageuka nayo na baiskeli itafuata. Tazama kwanza, onyesha mkono kwa sekunde tatu hivi, tazama tena, ndipo uhame.

Matatu ikisimama mbele yako, usipite kushoto kwake. Abiria huruka kabla haijatulia, wakitazama mguu unapokanyaga tu. Makanga akianza kuning'inia mlangoni na kupiga bodi, jua imekaribia kuchepuka. Ama subiri nyuma, upande wa kulia kidogo ambapo kioo cha dereva kinakuona, ama tazama nyuma na upite kulia ukiacha mita moja. Lori ni hatari zaidi. Kwenye makutano usijipenyeze kushoto kwake hata kama kuna nafasi ya kupita mbuzi, kwa kuwa likikata kushoto magurudumu ya nyuma huja ndani zaidi ya yale ya mbele na kuziba nafasi uliyokuwamo. Kipimo ni hiki: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Kuhusu kudandia lori kwenye mlima, kwa mfano kutoka Westlands kuelekea Kangemi: umebaki na mkono mmoja wa usukani na breki moja, na shimo linalofuata limefichwa na lori lenyewe. Usifanye.

Breki unayoiogopa ndiyo breki yako

Unapopunguza mwendo, uzito wako huhamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, ukilibana sana linateleza tu. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele peke yake ikitumiwa vizuri inaweza kukusimamisha katika karibu nusu ya umbali wa breki ya nyuma peke yake. Anayeishi na breki ya nyuma tu amejikatia nusu ya uwezo wa kusimama, na siku mtoto atakapokimbilia barabarani nusu hiyo haitapatikana.

Kinachomrusha mtu juu ya usukani ni kuibana breki ya mbele kwa ghafla huku mikono imelegea na mwili umeegemea mbele. Zoezi lake ni hili. Tafuta lami kavu isiyo na magari. Nenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Bana breki zote mbili kwa pamoja, ya mbele ukiiongeza taratibu, huku ukisukuma makalio nyuma ya kiti na kunyoosha mikono. Ukihisi gurudumu la nyuma linaanza kuteleza, legeza ya mbele kidogo. Rudia mara kumi, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Kwenye changarawe, matope au kona iliyolowa, geuza mizani: tegemea ya nyuma zaidi, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kuingia kona.

Hapa kuna mtego wa baiskeli za mitumba. Zilizotoka Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, ilhali zilizotoka Marekani na nchi nyingi za Ulaya bara zina breki hiyo kushoto. Ukibadilisha baiskeli bila kujua, siku ya dharura mkono utabana isiyo yenyewe. Kabla ya kununua, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja uone. Kama haulingani na mazoea yako, fundi yeyote anaweza kubadilisha nyaya.

Raba za breki zinapaswa kugusa rimu tu. Zikipanda juu zitakata tairi ubavuni mpaka tyubu itoke kama kifutu, na zikishuka chini zitaingia kwenye spoku. Kati ya raba na rimu acha milimita 2 au 3. Raba nyingi zina mifereji: mifereji ikifutika, badilisha, kwa kuwa chuma kilicho ndani kikianza kusugua rimu utanunua rimu. Chunguza pia waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwani hapo ndipo nyuzi huanza kukatika. Ukiona hata uzi mmoja umesimama, badilisha waya wote.

Wenye Black Mamba na baiskeli nyingine za rimu za chuma, zingatieni mvua. Chuma kilicholowa hakishikwi na raba, na mtu anaweza kubana akaendelea kuteleza kama hakubana kitu. Bana kidogo kidogo mapema ili raba zipanguse maji, na uache nafasi mara mbili au tatu ya kawaida.

Kiti cha chini na magoti yanayolia

Kushusha kiti ili nyayo zote zikanyage chini kunampa mtu utulivu akisimama na kumnyang'anya nguvu wakati wote mwingine. Goti linalosukuma likiwa limekunjwa sana hubeba mzigo mahali pabaya, na maumivu huja mbele ya goti, chini ya kifupa chake.

Pima hivi ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea: egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke kabisa. Ukiweka sasa sehemu pana ya wayo kwenye pedali, kama inavyotakiwa unapoendesha, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo penyewe. Ukiumia nyuma ya goti, au nyonga zikiyumba huku na huku, umezidisha. Sogeza milimita 5 kwa wakati, uendeshe siku mbili tatu kabla ya kusogeza tena. Bomba la kiti lina alama ya mwisho iliyochongwa. Ikionekana juu ya fremu, nunua bomba refu zaidi, la sivyo litapinda au kupasua fremu.

Na kusimama je? Usisimame ukiwa umekaa. Unapokaribia, bana breki, sogea mbele ushuke kwenye kiti, kanyaga chini kwa mguu mmoja huku wa pili ukibaki kwenye pedali iliyoinuka mbele, tayari kwa kuondoka. Ukizoea, hofu ya kiti cha juu inaisha.

Gia nzito nayo huumiza magoti. Wengi hudhani kusukuma kwa nguvu na polepole hujenga misuli. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15: likifika mara 18 hadi 22 uko sawa, likiwa chini ya 15 punguza gia. Kwenye mlima kama Valley Road, badilisha gia kabla ya mlima kuanza. Ukibadilisha katikati huku unakanyaga kwa uzito wote, cheni itagoma, itaruka, au itakatika. Na usiunganishe gurudumu la meno kubwa la mbele na kubwa la nyuma, wala dogo na dogo: cheni inakwenda mshazari na kuyala meno.

Upepo: mwingi si mzuri, kidogo si nafuu

Tairi gumu kupita kiasi hurukaruka kwenye matuta na kupunguza mshiko, na kila kishindo kinaishia kwenye spoku na mikononi mwako. Namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni kikomo. Kwa mtu wa kilo 70, tairi pana la 26 x 1.95 linatosheka na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 35 hadi 45, la 700 x 35 linahitaji 50 hadi 65, na jembamba la 700 x 25 kama 80 hadi 95. Nyuma ongeza 5 kwa kuwa kunabeba zaidi, na ukibeba mzigo ongeza tena bila kuvuka kikomo cha ubavuni.

Ukijaza kwenye kituo cha petroli, kumbuka mashine ile imetengenezewa tairi la gari. Tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache. Bonyeza sekunde moja, pima, bonyeza tena.

Upepo mdogo huleta pancha za aina yake. Ukigonga ukingo wa shimo, rimu huibana tyubu dhidi ya lami na kuitoboa mara mbili, matundu mawili yakiwa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona hayo, usitafute msumari. Tafuta pampu, na pima upepo kila wiki, kwa kuwa tyubu hupoteza kidogo kidogo hata bila tundu.

Cheni haitaki kuoga oili

Oili chafu ya gari ni ya bure, lakini ina masizi na chembe za chuma. Grisi ikipakwa kwa nje hunasa vumbi, na mchanganyiko huo unasaga cheni kama msasa. Kinachohitaji mafuta ni ndani ya vigurudumu vidogo vya cheni, mahali ambapo jicho halifiki.

Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, shika cheni nacho, zungusha pedali kinyumenyume mpaka kitambaa kisitoe weusi. Iache ikauke. Kisha dondoshea tone moja la mafuta mepesi, hata ya cherehani yanafaa, juu ya kila kigurudumu upande wa ndani wa cheni. Zungusha dakika moja, subiri kumi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka nje isiteleze tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayozuia vumbi. Rudia kila kilomita 200 hivi, yaani wiki mbili kwa anayekwenda kilomita 20 kwa siku ya kazi, na kila baada ya mvua. Mafuta ya cherehani huoshwa upesi na maji.

Cheni hurefuka kadiri inavyolika. Chukua rula ya inchi 12, weka alama yake ya sifuri katikati ya pini moja. Pini ya inchi ya 12 iangukie kwenye alama sawasawa. Ikipita kwa milimita 1.5, nunua cheni mpya. Ikipita kwa 3, cheni imeshayala meno ya nyuma, na cheni mpya juu ya meno ya zamani itarukaruka, kwa hiyo utanunua vyote. Sekunde 20 za rula zinakuokolea gharama hiyo.

Giza, mvua na mzigo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Nairobi ni giza mwaka mzima. Taa nyeupe mbele, ielekezwe chini kidogo isiwapofushe wengine, na nyekundu nyuma, isifunikwe na koti wala mzigo. Fulana ya kung'aa ni nzuri lakini huakisi tu taa inapoimulika. Gari linalotoka ubavuni litaiona likiwa limekwisha kukufikia. Riflekta za pedali au ukanda wa kung'aa kifundoni huonekana upesi kwa sababu zinapanda na kushuka.

Helmeti ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili chini ya kidevu. Iliyosukumwa nyuma kisogoni haikulindi paji la uso. Iliyowahi kugongwa kwa nguvu haifai tena, hata kama nje haina ufa, kwa hiyo kuwa mwangalifu na za mitumba.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta yaliyolala kwenye lami, na dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi zaidi. Usipite kwenye dimbwi usilolijua. Reli za Industrial Area zivuke kwa pembe ya mraba, mwili ukiwa wima, bila kubana breki juu ya chuma. Upande wa Embakasi udongo mweusi huganda kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome: ng'oa kwa kijiti mapema, usilazimishe.

Mzigo ukae chini na karibu na mhimili wa gurudumu la nyuma. Ukining'iniza mfuko kwenye usukani, kwenye kila kona usukani utavutwa na uzito huo, na mfuko ukiingia kwenye spoku za mbele wewe utarushwa. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hauna kilo 13: hiyo ni gesi tu, na chuma chenyewe kina uzito unaokaribia huo. Ukiufunga kwa kamba moja utazunguka. Funga mbili zinazopishana, moja ikiushika shingoni, kwa mpira wa tyubu kuukuu ambao haulegei baiskeli inapotikisika.

Pancha inayorudi

Pancha iliyozibwa jana ikirudi leo, mara nyingi kilichoitoboa bado kiko ndani ya tairi. Matairi ya malori yaliyopasuka huacha nyaya nyembamba barabarani ambazo haziwezi kuonekana kwa nje. Ukitoa tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima, au kitambaa laini kama unaogopa kujikata: kitanasa penye waya. Ng'oa kwa koleo.

Kisha sugua mahali pa tundu kwa msasa mpaka pang'ae kidogo na pawe na mikwaruzo. Paka solusheni tabaka jembamba, pana kuliko kiraka. Sasa subiri dakika tano, mpaka isinate kidoleni. Haraka ndiyo inayoharibu hapa: kiraka kikiwekwa juu ya gundi mbichi huteleza na kuachia upepo ukijaa. Kibandike, kikandamize kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje, tia upepo kidogo tyubu ipate umbo, uirudishe ndani ya tairi, kisha zunguka rimu yote ukihakikisha tyubu haijabanwa popote kabla ya kujaza.